Tairi la bajaji: kulitoa, kulifunga na kulibalansi (na zile nati ambazo zinaweza kukuua)

Leo naongelea kitu ambacho tunapishana nacho barabarani kila siku bila kukiangalia, tairi la bajaji. Jinsi ya kulitoa, jinsi ya kufunga jipya kwenye ringi, na jinsi ya kulibalansi ili usukani usikutetemeshe mikono. Najua kuna watakaosema hii ni kazi ya fundi pancha, sisi inatuhusu nini. Inatuhusu sana. Vijana wengi wa rika langu tukimaliza form four tunaishia kwenye bajaji, ama unaendesha ama unashika spana kwa fundi, na hakuna anayekaa chini kukufundisha hii kazi kwa mpangilio. Unaangalia mwenzako anavyofanya, na wewe unafanya hivyo hivyo, hata kama anakosea.

Mimi nilijifunza kwa kukosea. Nilipomaliza shule, wakati nasubiri matokeo, nilikaa miezi mitatu kwa fundi pancha mmoja huku Mbagala. Kazi yangu ilikuwa kujaza upepo, kuosha tyubu na kutumwa chai. Siku moja fundi kaenda kuswali, ikaja bajaji, dereva ana abiria ndani na ana haraka. "Dogo, tairi la nyuma lina pancha, nifanyie fasta." Tukailaza ubavu, nikatoa gurudumu, nikaliweka chini nikaanza kufungua nati. Nilibonyeza tairi kwa kidole likabonyea kidogo, nikajua upepo umeisha. Kumbe haujaisha. Nilipolegeza nati ya mwisho nikasikia PAA! Nusu ya ringi ikaruka ikapita pembeni ya sikio langu ikagonga bati la kibanda. Abiria wote wakashuka wakakimbia, walidhani ni bomu.

Fundi aliporudi hakunipiga wala hakunitukana. Alilitazama lile bati, akanitazama mimi, akasema, "Mdogo wangu, leo ungezikwa." Basi. Halafu akaniambia nikae chini anieleze ringi ya bajaji ilivyo. Mengi nitakayoandika hapa ni aliyoniambia jioni ile, mengine nimesoma mwenyewe baadaye, na mengine nimeyaona kwenye bajaji ya kaka yangu.

RINGI YA BAJAJI SIO YA GARI

Ringi ya gari ni kipande kimoja. Tairi unalilazimisha kupita juu ya ukingo kwa mashine au kwa vyuma bapa. Ringi ya bajaji zetu hizi za abiria ni vipande viwili vya bati gumu, kama sahani mbili zimegeuziana migongo, halafu zimeshikanishwa kwa nati. Ukifungua zile nati, ringi inaachana, tairi linatoka lenyewe bila kupigana nalo. Ndiyo maana unaweza kubadilisha tyubu pembeni ya barabara ukiwa na spana moja tu.

Kwa wanaopenda historia kidogo: huu ni ukoo wa Vespa. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Vespa mwaka 1946, na mwaka 1948 ikatoa ya miguu mitatu ya kubebea mizigo, ikaiita Ape, maana yake nyuki kwa Kiitaliano. Miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilikuwa inaunda hivi vyombo kwa leseni ya hao Waitaliano, na baadaye ikaendelea kivyake. Sisi Tanzania jina la kampuni tukaligeuza kuwa jina la chombo, hata ikiwa ni TVS bado tunaita bajaji. Haya turudi kwenye tairi.

Kwa hiyo kwenye gurudumu moja una AINA MBILI za nati. Kuna zinazoshika gurudumu kwenye dramu ya breki, na kuna zinazoshikanisha zile nusu mbili za ringi. Ukikosea ukafungua hizi za pili wakati ndani kuna upepo, umefungua bomu. PSI 30 maana yake kila inchi moja ya mraba inasukumwa kama vile imewekewa kilo 13 na nusu. Hesabu mwenyewe ringi nzima ina inchi ngapi. Hata tairi ambalo limelegea kama lile langu bado lina nguvu ya kukuvunja taya.

Kanuni ya fundi ilikuwa moja, na hakuwa na mjadala juu yake: kabla spana haijagusa nati YOYOTE, toa kisindano cha ndani ya vali, kitoe kabisa, sio kukibonyeza tu. Sikiliza mpaka kimya. Halafu panda juu ya tairi kwa mguu, likibonyea mpaka chini ndiyo ufungue. Dereva akikuambia "halina upepo hilo", mwambie asante kaka, halafu toa kisindano hivyo hivyo.

KULITOA

Njia inayotumika mtaani ni kuilaza bajaji ubavu, watu wawili wanainua, wa tatu anafungua. Inafanya kazi, lakini petroli inaweza kumwagika kwenye mfuniko wa tanki, na maji ya betri nayo yakimwagika ni asidi, yanakula rangi na yanakula ngozi. Halafu utakuta jamaa anayeifanya hiyo kazi ana sigara mdomoni! Kama una jeki ndogo tumia jeki. Sehemu iwe tambarare, weka gia, magurudumu yanayobaki chini yazibe kwa mawe, na chini ya jeki weka ubao kama ni mchanga. Zilegeze kidogo nati za dramu kabla ya kuinyanyua, maana ikishakuwa hewani gurudumu litazunguka na wewe.

Likishatoka lilaze chini, hakikisha tena halina upepo, likanyage pembezoni pande zote mbili ili tairi liachane na ringi, maana likikaa muda mrefu linagandana na kutu. Ndipo fungua nati za kati.

KUCHAGUA TAIRI

Bajaji za abiria hizi za kawaida zinavaa 4.00-8 magurudumu yote matatu. Hiyo 4.00 ni upana wa tairi kwa inchi, na 8 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kwa sababu yote ni saizi moja unaweza kuyahamisha, la mbele likaenda nyuma na la spea likaingia popote. Zile za mizigo tunazoziita guta au Toyo ni habari nyingine, nyingi zina ringi za inchi 12 na nyuma zinabeba mzigo mkubwa, usiende na vipimo vya bajaji huko.

Ubavuni utaona pia 4PR au 6PR. Hiyo ni ngazi ya uimara, 6PR inastahimili mzigo zaidi ya 4PR. Kwa barabara zetu na abiria zetu (mnajua wenyewe bajaji ya watu watatu inavyobeba watano usiku) sioni sababu ya kununua 4PR kwa ajili ya nyuma.

Kitu ambacho wauzaji hawapendi uangalie ni tarehe. Tafuta ubavuni namba nne zimefungwa pamoja, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3519 ujue limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa lami na likawa limeshazeeka kwenye jua la duka, ukilikunja unaona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino. Siku nimeenda Gerezani na kaka kununua, nilipoanza kugeuza geuza matairi natafuta namba muuzaji akaniuliza, "Wewe mdogo wangu unanunua tairi au unakagua?" Nikamwambia vyote, kaka. Akacheka, akatoa mengine ya ndani.

KULIFUNGA

Kwanza ringi. Zile nusu mbili zisafishe kwa brashi ya waya, toa kutu yote hasa pale zinapogusana na pale tairi linapokaa. Bati likiwa limeliwa mpaka jembamba, au tundu za nati zimepanuka zikawa kama yai, hiyo ringi tupa. Usipeleke kuchomelea. Iviringishe kwenye sakafu ya saruji uone kama inacheza, maana ringi iliyopinda hakuna balansi duniani itakayoisaidia.

Tairi nalo pitisha mkono ndani, taratibu, kutafuta misumari. Tyubu jipya kila ukiweka tairi jipya, hii watu wanabana hela wanarudisha la zamani lenye viraka saba, halafu wiki ijayo wanamlaumu fundi. Tyubu la zamani limeshatanuka, ndani ya tairi jipya linajikunja, na pale lilipojikunja ndipo litakapochanika.

Lijaze tyubu upepo kidogo tu, lishike umbo la duara. Lipake poda, ile ya watoto inatosha, ili lisishikane na tairi. Liingize ndani ya tairi, zungusha vidole kote uhakikishe halijajipinda. Sasa angalia ubavu wa tairi kama kuna nukta ya rangi ya njano. Watengenezaji wengi wanaiweka kuonyesha sehemu nyepesi ya tairi, na unatakiwa kuilinganisha na vali kwa sababu vali ndiyo inaongeza uzito upande ule. Ni kazi ya sekunde tano na tayari umeshafanya nusu ya balansi bure. Mafundi wengi niliowaona hawajui ile nukta ni ya nini, wanadhani ni rangi ya dukani. Kama kuna mshale ubavuni, ndio mwelekeo wa kuzunguka, ufuate.

Chukua ile nusu ya ringi yenye tundu la vali, pitisha vali, hakikisha imesimama wima. Halafu lete nusu ya pili. HAPA NDIPO tyubu nyingi zinapofia. Zile sahani mbili zikikutana zinaweza kulibana tyubu katikati kama mdomo. Hutaona kitu, utajaza upepo utakaa vizuri, na baada ya siku mbili abiria wako wako chini njia panda. Kwa hiyo kabla ya kukaza zitenganishe kidogo, chungulia kote, sukuma tyubu ndani kwa kidole, ndipo ukaze. Kaza kwa msalaba, nati hii kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, zote zifike pamoja. Ukimaliza hakikisha nusu mbili zimegusana kote bila uwazi. Kama kuna uwazi hata wa unene wa kucha, fungua uanze tena.

Kujaza upepo, lilaze gurudumu chini, wewe kaa pembeni, uso usiwe juu ya ringi. Jaza kidogo, simama, angalia. Kwenye ubavu wa tairi karibu na ringi kuna kamstari kembamba kamezunguka. Umbali wa kale kamstari na ukingo wa ringi lazima ulingane kote. Kama sehemu moja kamezama na nyingine kamechomoza, tairi halijakaa. Toa upepo wote, paka maji ya sabuni pembezoni, jaza tena. Watu wanaruka hii hatua kisha wanasema tairi la Mchina bovu.

Kiasi cha upepo fuata kitabu au kibandiko cha chombo chako, nyuma siku zote zaidi ya mbele. Kaka anaweka 30 mbele na 36 nyuma na matairi yake yanaisha kwa usawa. Kupima kwa kupiga teke sio kupima, tafuta geji.

BALANSI SASA

Ukienda kwenye zile sehemu za matairi ya magari ukawaambia unataka balansi ya bajaji wengi watakucheka, na mashine zao zimetengenezwa kushika ringi ya gari kupitia tundu la katikati. Wapo wanaoweza, sikatai. Lakini je, bajaji inahitaji?

Nilikaa nikapiga hesabu. Tairi la 4.00-8 lina kipenyo cha kama inchi 16, yaani mzunguko mmoja ni karibu mita 1.27. Ukiwa spidi 50 unakwenda kama mita 14 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 11 kila sekunde. Sasa chukulia sehemu moja ya tairi imezidi kwa gramu 30 tu, ule uzito wa vijiko viwili vya chakula vya maji. Kwa spidi hiyo zile gramu 30 zinavuta nje kwa nguvu ya kama kilo mbili na nusu, juu, chini, juu, chini, mara 11 kwa sekunde. Ukipunguza mpaka spidi 25 nguvu inashuka mpaka robo yake. Ndiyo maana mtu wa Manzese anayezunguka vichochoroni haoni kitu, ila anayepanda Kilwa Road asubuhi barabara ikiwa nyeupe anasikia usukani unaimba.

Njia ya fundi wangu haina mashine. Tunafanya gurudumu la mbele tu, hilo ndilo linashika usukani. Nyanyua mbele, legeza marekebisho ya breki mpaka viatu visiguse dramu kabisa, kama kuna kebo ya spidi inayoshika gurudumu ichomoe. Lisukume polepole liache lizunguke mpaka lisimame lenyewe. Weka alama ya chaki pale chini. Rudia mara tatu nne. Kama chaki inasimama popote tu, liko sawa, funga breki nenda zako. Kama kila mara chaki inarudi chini, hapo ndipo pazito. Bandika kipande cha risasi juu kabisa, upande unaotazamana na chaki, kwenye bati la ringi lililosafishwa likakauka, mahali ambapo hakitagusa dramu wala fimbo ya shokapu. Anza na gramu 10, rudia. Vile vipande vya kubandika vinapatikana kwenye maduka ya matairi ya magari, na nawa mikono kabla ya kula, risasi ni sumu. Ukimaliza rudisha breki na uijaribu kabla hujapakia mtu. Nasisitiza hili la breki, kuna mtu nimemuona ameondoka bila kurudisha.

Ukiona unahitaji zaidi ya gramu 50 au 60 usiendelee kubandika. Kuna kitu kingine, fungua utazame.

KAKA NA MKATABA WAKE

Kaka yangu ana bajaji ya mkataba. Kwa wasiojua, tajiri ananunua, wewe unaleta hesabu kila siku, 20,000 kwa upande wake, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chako. Matengenezo yote ni juu yako. Siku ikilala kwa fundi hesabu inaandikwa deni.

Alikuwa na miezi minne tu abaki nayo ilipoanza kutetemeka kuanzia spidi 40. Akabadilisha tairi la mbele. Bado. Fundi wa kwanza akamwambia ni balansi, akampigia vipande vya risasi kama medali. Bado. Wa pili akamuuzia tairi jingine. Siku tatu hesabu hazijaenda, tajiri anapiga simu asubuhi na jioni, shemeji yenu anakopa unga dukani. Nikamwomba aniachie jioni moja tu. Alinitazama kama mtu anayemwachia mtoto funguo za nyumba.

Nikanyanyua mbele, nikashika gurudumu juu na chini nikatikisa. Likacheza, tak tak tak. Beringi. Balansi haina kosa. Tulipotoa gurudumu tukakuta na ile tairi jipya limekaa upande, kale kamstari kamezama sehemu moja. Beringi mpya na grisi, tairi tukalitoa na kulikalisha upya, risasi zote za fundi wa kwanza nikazibandua. Nikalizungusha na chaki, likataka gramu 10 tu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela sikiliza mtetemo unavyokuja. Ukija kuanzia spidi fulani na ukaongezeka kadiri unavyokimbia, hiyo inaweza kuwa balansi. Ukiwepo hata ukiwa mwendo wa mtu anayetembea, kama bajaji inachechemea, hiyo ni ringi imepinda au tairi halijakaa. Gurudumu likicheza kwa mkono ni beringi. Usukani ukiwa na mchezo mbele na nyuma, ni beringi za usukani wenyewe. Na tairi la nyuma likiliwa upande mmoja wakati mwenzake mzima, usiongelee balansi kabisa, angalia bushi za mkono unaoshika lile gurudumu na angalia kama mkono wenyewe haujapinda.

Baada ya kufunga tairi jipya, jioni ya siku ya kwanza kabla ya kuegesha, pitisha spana kwenye nati za dramu tena kwa sababu huwa zinalegea kidogo zikishakaa. Zile za kati usiziguse tairi likiwa na upepo, hata kukaza. Kaka alimaliza mkataba wake mwezi wa nane, kadi ina jina lake sasa. Nusu ya ile ringi iliyonikosa fundi aliiambia niichukue. Ipo chini ya kitanda, mama anaiulizia kila akifagia.